Mjadala: Maua kwenye makaburi ya kale ya pwani, yaachwe au yafutwe?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila yanapotajwa makaburi ya nguzo (ya kale, yenye mnara wa mawe) ya Kunduchi kwetu Tanzania, au Gede na Mambrui kule Kenya, hakosi wa kusema yavunjwe, au walau nakshi zake za maua zipigwe plasta, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kaburi lisipakwe chokaa wala lisijengewe. Hadithi hiyo ya Jabir imo katika Sahih Muslim na siibishi. Kaburi jipya na liwe tuta la udongo tu. Ninachopinga ni kuyagusa ya kale, na hasa hoja kwamba maua yale ni ushirikina.

Mchoraji alipomwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kumweleza kuwa anakula kwa kazi ya mikono yake, aliambiwa kama hana budi achore miti na visivyo na roho. Mtume naye, alipopita penye makaburi mawili, alipasua kuti bichi la mtende akachomeka kipande kwa kila moja, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Wapo wanaosema hilo lilikuwa lake peke yake, na wana hoja. Lakini wazee wetu waliopanda mrehani kaburini hawakulizua tu. Suratul Waqi'a, aya ya 89, inamwahidi aliyekaribishwa kwa Mola raha, rehani (mmea wa harufu nzuri) na Pepo ya neema.

Mafundi waliyachonga hayo hayo. Lango kuu la Taj Mahal kule India, alipozikwa Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, aliyefariki 1631, lina Suratul Fajr, inayoishia kwa kuiambia nafsi iingie Peponi. Ukifika ndani, kutani chini kumechongwa maua ya marumaru yenye mashina na majani, utadhani yameota pale. Istanbul, mawe ya makaburi ya wanawake wa enzi ya Uthmaniya yana mawaridi, na aliyekufa angali kigori huchongewa tumba lililokatika shina. Hapo anaabudiwa nani? Akionekana mtu anamwomba maiti, afundishwe yeye. Ukuta hauna kosa.

Kwetu pwani mafundi walipachika makaburini bakuli za Kichina za buluu na nyeupe, nyingine zimechorwa maua. Nendeni Kunduchi mtazame: pengi pamebaki mashimo ya mviringo. Waliozing'oa walitaka bakuli, na kaburi halikurudi kwenye sunna kwa hilo.

Mnaotaka nakshi zifutwe, nijibuni: hiyo plasta mtakayopiga juu ya maua, si ndiyo ile ile iliyokatazwa?