Stesheni ya mji wa watu 5: kodi iendelee kuitunza au tuiache ife?

Mleta mada
Wakuu, habari za wikiendi. Jumamosi iliyopita nilitoka Columbus, Ohio, na familia, zaidi ya saa tatu barabarani, kwenda kuona stesheni ya Thurmond kule West Virginia. Kutoka Glen Jean barabara inabana kando ya kijito, magari mawili yakikutana mmoja lazima ajikunyate pembeni, na kabla hujaingia mjini unavuka mto New kwa daraja jembamba lililobanwa ubavuni mwa daraja la reli. Mke wangu aliuliza mara mbili kama ramani haijatupoteza.

Mji wenyewe hauna mtaa. Reli ndiyo mtaa. Yamebaki majengo matatu ya biashara, moja lilikuwa benki, yamejipanga mstari na milango yake imetazama reli hatua chache tu. Mbele kidogo ndipo ilipo stesheni, ya mbao, ya chini na juu, iliyojengwa 1904 baada ya ile ya mwanzo kuungua. Idara ya Hifadhi za Taifa iliikarabati, na tangu 1995 ni kituo cha wageni kinachofunguliwa kwa msimu. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 5. Watano, si mia tano.

Na treni ya abiria bado ipo! Cardinal ya Amtrak (shirika la treni za abiria la Marekani), ya New York na Chicago, inapita siku 3 kwa wiki kila upande. Inasimama tu kama kuna wa kupanda au kushuka.

Njia nzima ya kurudi nilibishana na shemeji. Yeye anasema ni kutupa hela ya umma. Mimi nasema stesheni itunzwe na treni iendelee kusimama. Majumba matupu mengine, kusema kweli, siyalilii sana. Nyie mnaonaje?

Hesabu Kwanza
Mkuu, niko na shemeji yako. Mimi nalipa kodi hapa Marekani mwaka wa 11 huu. Jengo la mbao lililo kwenye korongo lenye ukungu na mto chini yake ni kama mtoto asiyekua: leo rangi, kesho paa, keshokutwa nguzo zimeoza, na hakuna siku utasema nimemaliza. Wakati huohuo milima hiyohiyo ina miji yenye watu na shule, na madaraja yake yamechoka. Pigeni picha za kutosha, wekeni ubao wa maelezo, hela iende kwa walio hai. Mbona hamjiulizi kwa nini watu waliondoka? Mahali hapakuwa na faida tena, basi.

Kijana wa Kariakoo
Watu 5 na stesheni wanayo, na sisi huku tunagombania daladala.

Fundi Mstaafu
Vijana, salaam. Nilifanya kazi karakana za injini hadi nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie. Naona mnabishania jengo bila kuuliza lilikuwa linafanya kazi gani.

Injini ya mvuke ina njaa na kiu. Haifiki mbali kabla haijadai makaa na maji. Majivu yatolewe, vyuma vipakwe grisi, na watu wa zamu wabadilishane. Sasa Thurmond ilikaa pale ambapo matawi madogo ya reli yalishuka kutoka migodini na kuungana na njia kuu ya Chesapeake & Ohio. Kila mgodi ulileta mabehewa yake machache, yanapangwa hapo yanakuwa treni moja ndefu, injini inashiba, safari inaendelea. Mleta mada, bila shaka uliuona mnara wa zege juu ya reli. Huo ni wa 1922, ulikuwa unabeba tani 500 za makaa na kuyamimina kwenye injini zikipita chini yake. Ghorofani kwenye stesheni walikaa wanaoongoza treni, chini tiketi na mizigo.

Mwaka 1910 walipita hapo abiria kama 75,000. Mapato ya mizigo yaliyoingia kupitia mji huo yalizidi ya Cincinnati na Richmond ukiyajumlisha. Na mji wenyewe hata siku zake za neema, sensa ya 1930, haukufika watu 500! Sijawahi kusikia stesheni ndogo namna hiyo ikizaa hela nyingi namna hiyo.

Halafu ikaja dizeli. Dizeli haitaki mnara, haitaki kisima, haitaki mtu wa kuchokonoa majivu. Inachukua mabehewa mgodini na kupitiliza. Katikati ya miaka ya 1950 C&O walikuwa wameachana na mvuke kabisa. Kwa hiyo, ndugu Hesabu, usiseme hapakuwa na faida. Treni za makaa za CSX, kampuni inayomiliki njia hiyo sasa, zinapita hapohapo mpaka leo. Faida inapita, haishuki tu. Na jengo linaloonyesha kitu hicho kwa macho mimi nalihitaji kuliko ubao wa maelezo. Mwanafunzi wa ufundi akisimama kati ya ule mnara na ile stesheni anaelewa kwa dakika kumi nilichokuwa nafundisha kwa muhula mzima.

Hesabu Kwanza
Shikamoo mzee. Darasa nimelipokea, hilo la faida kupita bila kushuka sikulijua. Lakini unaniongezea hoja mimi. Kama treni za makaa bado zinapita na kuingiza hela, kwa nini jengo lilipiwe na mwalimu wa Texas? Mwenye reli na wenye makaa wachange.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Hapo sina ubishi nawe.

Dada wa Tanga
Mimi nina swali lingine. Itunzwe kwa ajili ya kumbukumbu ya nani? Mji una jina la Kapteni William Thurmond, aliyepigania upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1873 alipata ekari 73 kama malipo ya kazi ya kupima ardhi, mwaka huohuo reli ikakamilika kupitia korongo hilo. Na nani waliitandika? Kwa maelfu, wanaume weusi waliotoka utumwani miaka michache tu kabla. Handaki la Big Bend huko Talcott, ambako wanasema John Henry, yule mtoboa mwamba mweusi wa kwenye hadithi na nyimbo, alishindana na mashine kwa nyundo yake, liko kwenye njia hiyohiyo. Wao hawakuachiwa ekari wala jina la mji.

Tena korongo hilohilo, Nuttallburg, Carter G. Woodson alichimba makaa akiwa kijana miaka ya 1890, kabla hajapata nafasi ya kusoma. Ni yeye aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya watu weusi, ambayo sasa ni mwezi mzima wa Februari. Kama stesheni inawasimulia hawa, nitachangia hata mfukoni mwangu. Kama inasimulia kapteni na matajiri wa makaa tu, Hesabu achukue kura yangu.

Mzee wa Soga
Dada hapo juu kapteni kamshusha, na mimi niongeze. Alikuwa Mbaptisti, pombe marufuku kwenye ardhi yake. Basi ng'ambo ya mto tajiri mwingine, McKell, akafungua hoteli ya Dunglen mwaka 1901, vyumba 100, pombe na kamari mpaka alfajiri. Wanasimulia kuna mchezo wa karata ulioendelea miaka 14 bila kusimama. Chumvi hiyo, lakini tamu. Hoteli ikaungua 1930. Mimi ningekuwa serikali ningejenga upya hoteli, stesheni ingejitunza yenyewe.

Nyumbani Voi
Mbona tunakwenda mbali hivyo? Tangu treni ya SGR ianze Mombasa hadi Nairobi 2017, stesheni zetu nyingi za reli ya Mwingereza zimekaa kimya, na hatujaona mjadala kama huu. Wenzetu angalau wanabishana kabla paa halijaanguka.

Hesabu Kwanza
Fungua uzi wa Voi, nitakuja kubisha huko pia.

Mpangaji
Samahani wakuu, nimesoma kimya muda mrefu. Sehemu kubwa ya majengo ya Thurmond ni mali ya hifadhi, siyo? Kwa hiyo hata mtu akitaka kuhamia, anahamia wapi? Mnatunza ganda mkisema mji umekufa, kumbe hakuna chumba cha kupanga. Mto huo unajaa watu wa kuteremka maji kwa boti za mpira kila kiangazi. Pangisheni nyumba mbili tatu kwa masharti makali, kodi ya pango ilipie rangi ya stesheni. Wakazi wakifika 20, na treni itakuwa na abiria.

Mleta mada
Mpangaji, umenibadilisha kidogo. Nilisema majumba matupu siyalilii, nimeirudisha kauli. Tatizo naliona kwenye hilo daraja na barabara: mafuriko ya kijito yakija, hao wapangaji wako watatokaje? Na pia hao wa boti wanakuja na magari yao na kuondoka jioni.

Dada wa Tanga, nisikudanganye. Siku ile nilikuwa nakimbizana na watoto, mkubwa aling'ang'ania dirisha la tiketi akitaka "kuuziwa" safari. Sikusoma maelezo yote ukutani, siwezi kukuambia kina nani wamo na kina nani hawamo. Nitarudi kuangalia majina. Safari hii naacha gari Charleston na kupanda Cardinal, halafu nishuke Thurmond, ili nione kama konda atanitazama mara mbili nikimwambia naishia hapo.

Hesabu Kwanza
Kabla hujakata tiketi angalia siku ya kurudi. Ukiikosa hiyo treni, mtakuwa watu 6 mpaka kesho kutwa.