Sarafu za Mwingereza za urithi: bei yake naijuaje?

Mwana_Mikindani: Wadau, marehemu babu kaacha kopo la sarafu za Uingereza: peni kubwa za shaba, shilingi na nusu krauni (sarafu ya shilingi mbili na nusu), za 1912 hadi 1948. Nyingi zimekuwa nyeusi. Nizisafishe kwanza?

Mizani: Usiguse! Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote vinaharibu uso, na mnunuzi akiona umeharibika bei inaporomoka. Shilingi na nusu krauni zipange kwa mwaka. Kabla ya 1920 ni fedha (madini ya silva) asilimia 92.5, 1920 hadi 1946 asilimia 50, kuanzia 1947 hamna fedha kabisa. Nusu krauni ina gramu 14.14, kwa hiyo ya 1915 imebeba fedha gramu 13 hivi, ya 1930 gramu 7. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, usikubali chini ya hapo. Sonara pale Mtwara mjini atakupimia.

Kusini_Sarafu: Peni nyingi ni za kawaida mno. Ila za 1912, 1918 na 1919, tazama kushoto kwa mwaka kama kuna H au KN ndogo, alama za viwanda vilivyozitengeneza. KN isiyochakaa ndiyo ya kuitunza. Mtandaoni angalia bei zilizokwisha kuuziwa. Bei anayotaja muuzaji ni ndoto zake.

Mizani: Na zenye simba, zilizoandikwa EAST AFRICA, ziweke kando, mkuu. Shilingi hizo za 1921 hadi 1946 ni fedha asilimia 25 tu.