Mabaka meupe yanayowasha sehemu za siri

Swali (Ngamiani, Tanga): Shikamooni. Daktari amesema mabaka yangu meupe, ambayo ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi na huwasha zaidi usiku, ni laikeni sklerosasi (lichen sclerosus), ugonjwa wa ngozi. Je, nitamwambukiza mume wangu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hauambukizi kabisa. Mimi nilihangaika na dawa za fangasi bure. Kilichonisaidia ni mafuta ya klobetasoli 0.05% (dawa kali ya steroidi ya kupaka), niliyopaka kidogo, kiasi cha ncha ya kidole, kila usiku kwa mwezi mmoja, kisha nikapunguza kama daktari alivyoelekeza.

Jibu: Naongezea, dada: acha kuosha hapo kwa sabuni, na usipuuze kidonda kisichopona wala uvimbe, kwani wachache hupata saratani hapo.

Muulizaji: Ahsanteni, sabuni ya liwa naiacha leo.