Bodi ya chuo ilifuta madarasa ya jioni kwanza, ndipo ikatuita tutoe maoni

Wanajukwaa, salaam.

Naandika kutoka California, Marekani, ambako mchana nahudumia wazee katika nyumba ya matunzo na jioni nasoma uhasibu katika chuo cha jamii. Jina la chuo silitaji kwa kuwa bado ni mwanafunzi wake na mjumbe wa serikali ya wanafunzi, lakini haya ninayoyaeleza niliyashuhudia mwenyewe na nyaraka zake ninazo. Mwezi Juni, wiki mbili baada ya mitihani, wakati wanafunzi tumetawanyika na walimu wengi wako likizo, bodi ya wadhamini ilipitisha bajeti iliyoondoa karibu madarasa yote ya jioni ya uhasibu pamoja na yale ya Kiingereza kwa wageni. Mwishoni mwa Agosti, chuo kilipofunguliwa, tulipokea barua ya kutualika kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wadau kuhusu ratiba mpya. Maoni gani tena, wakati ratiba hiyo ilikwisha kuchapishwa na wanafunzi wamekwisha kujiandikisha? Tuliitwa kusikilizishwa, hatukuitwa kusikilizwa.

Kwa ndugu ambao hawajakutana na vyuo hivi, California ina vyuo vya jamii 116, vilivyo chini ya wilaya 73 za elimu, na hupokea mtu mzima yeyote aliye tayari kusoma, awe alifaulu sekondari au hakufaulu. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila uniti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, ada ambayo haijapanda tangu 2012, na ndiyo maana watu wengi wa kwetu waliofika huku huanzia hapo kabla ya kufikiria chuo kikuu. Kwenye benchi lililo nje ya darasa la Kiingereza nilifahamiana na mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku na wanawe. Anafua mashuka ya hoteli na hutoka kazini saa kumi alasiri. Darasa lake lilikuwa linaanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Lililobaki sasa ni la saa tatu asubuhi, na alipouliza afanyeje aliambiwa kwamba lipo darasa la mtandaoni, ilhali chombo pekee alichonacho ni simu ambayo anaigawana na watoto watatu. Alinitazama akaniuliza, «Mwanangu, ni nani aliyeulizwa?»

Hakuna aliyeulizwa, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Simlaumu mtu kwa sababu fedha ni chache, maana fedha huwa chache kila mahali na huenda baadhi ya madarasa yangepunguzwa hata kama tungeketi pamoja mwezi mzima. Ninacholalamikia ni kwamba sheria ya jimbo hili inataka tuulizwe kabla ya uamuzi, inataka hivyo kwa maneno yasiyo na utata, na waliokula kiapo cha kuifuata waliipita kama mtu anayepita karibu na ombaomba.

Mwaka 1988 California ilipitisha sheria inayojulikana kwa namba yake ya muswada, AB 1725, iliyowapa walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa vyuo vya jamii haki ya kushiriki ipasavyo katika uendeshaji wa vyuo vyao. Kutokana nayo zilitungwa kanuni zinazoorodhesha mambo kumi ya kitaaluma, na la kumi na moja ni lolote jingine ambalo pande zote mbili zitakubaliana kulitia humo. Katika mambo hayo bodi haiwezi kuamua bila seneti ya walimu, yaani baraza linalowawakilisha walimu katika mambo ya taaluma. Yamo mitaala, masharti ya vyeti, uanzishaji na uendelezaji wa programu, utaratibu wa kuzitathmini, na hata utaratibu wa kupanga mipango na bajeti ya chuo. Kila bodi huchagua njia mojawapo kati ya mbili, ama kutegemea kwanza ushauri wa seneti, ama kufikia makubaliano nayo. Bodi iliyochagua kutegemea ushauri inatakiwa kwa kawaida kuukubali. Ikiukataa, iwe ni kwa hali isiyo ya kawaida na kwa sababu nzito, na seneti ikitaka sababu hizo kwa maandishi, ipewe bila kucheleweshwa.

Wanafunzi nao wana kanuni yao, namba 51023.7, ambayo nimeisoma hadi karatasi imechakaa. Inasema kwamba bodi haitachukua hatua juu ya jambo lenye athari kubwa kwa wanafunzi mpaka iwe imewapa wanafunzi nafasi ya kushiriki katika kulitunga, isipokuwa katika dharura isiyoweza kutabiriwa. Miongoni mwa mambo yanayotajwa humo ni masomo au programu zinazopaswa kuanzishwa au kusitishwa, huduma za wanafunzi, na utaratibu wa mipango na bajeti. Neno ni kutunga. Anayeletewa chakula mezani akaulizwa kama chumvi imekolea hakushiriki kupika.

Tulipoyasema haya, naibu mkuu wa chuo anayesimamia taaluma alitujibu kwa utulivu kwamba hakuna programu iliyofutwa, kilichofanyika ni kupanga upya ratiba, na ratiba ni kazi ya utawala isiyohitaji ushauri wa seneti wala wa wanafunzi. Nakiri kwamba jibu hilo lilininyamazisha kwa siku mbili, kwa sababu ni kweli kanuni hizo hazitaji neno ratiba. Lakini cheti cha uhasibu kina masomo ya lazima, na mawili kati yake hayafundishwi tena jioni katika muhula wowote wa mwaka huu. Mtu anayefanya kazi mchana hawezi kukimaliza cheti hicho kwa njia yoyote. Kwake kimefutwa, hata kama jina lake bado linang'aa kwenye orodha ya programu, na waliokifuta kwa mlango wa ratiba walijua kwamba mlango wa programu una mlinzi.

Jibu la pili lilikuwa kwamba bajeti ya Juni ni ya awali tu, na kwamba ile ya mwisho hupitishwa ifikapo tarehe 15 Septemba, hivyo muda wa kutoa maoni ulikuwa bado upo. Hili liliniuma kuliko la kwanza, maana mikataba ya walimu wa muhula wa vuli ilikwisha kusitishwa Julai. Mwalimu aliyeambiwa Julai kwamba hana darasa hangoji Septemba; anatafuta pengine, na akipata hatarudi eti kwa sababu bodi imekumbuka kusikiliza.

Na hao walimu ndio ninaotaka msomaji awafikirie. Madarasa yetu ya jioni yalifundishwa karibu yote na walimu wa muda, ambao sheria inawazuia kufundisha zaidi ya asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja, kwa hiyo wengi wao huunganisha vyuo viwili au vitatu na hushinda barabarani. Mwalimu wetu wa hesabu za gharama alikuwa akitufundisha Jumatatu na Jumatano, na siku nyingine yuko wilaya jirani umbali wa saa moja na nusu kwa gari. Halipwi senti kwa kuhudhuria kikao cha seneti. Hivyo seneti inayotakiwa kulinda madarasa ya jioni hujazwa na walimu wa kudumu wanaofundisha mchana, watu wema wengi wao, lakini ambao jioni wako nyumbani kwao na hawajui sura zetu. Kushiriki ambako mtu anakumudu tu akiwa na mshahara wa kudumu kunamwacha nje yule atakayeumizwa kwanza.

Sasa nirudi kwenye kikao cha Juni. Sheria ya mikutano ya wazi ya California, ya mwaka 1953, inataka ajenda ibandikwe saa 72 kabla ya kikao cha kawaida, na saa hizo huhesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Ajenda yetu ilibandikwa Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumatatu usiku. Walitimiza saa zao kwa dakika chache, na kipengele chetu kilikuwa ndani ya kiambatisho, kimeandikwa marekebisho ya ufanisi wa utoaji wa masomo. Mwanafunzi mwenzetu aliyechaguliwa kuketi katika bodi alikiona Jumapili usiku. Kura yake ni ya ushauri tu, haihesabiwi katika uamuzi, lakini aliipiga ya kukataa na akaomba jambo liahirishwe mpaka chuo kifunguliwe. Tulifika watu wanne kutoka kwa umma, kila mmoja akapewa dakika mbili. Mimi nilikatizwa nikiwa katikati ya sentensi, na kabla sijafika kwenye kiti changu hoja ilikuwa imeungwa mkono.

Wapo wanaotuonya tusipaze sauti mno, wakitukumbusha yaliyokipata Chuo cha Jiji la San Francisco, ambacho mwaka 2012 kiliwekwa na tume ya ithibati, yaani chombo kinachothibitisha ubora wa vyuo, katika hatari ya kupoteza ithibati na mwaka uliofuata kikaambiwa kwamba kitaipoteza. Mimi nasoma historia hiyo kwa jicho jingine. Mwaka 2013 mamlaka ya bodi iliyochaguliwa na wananchi yalikabidhiwa kwa msimamizi mmoja maalumu. Walimu, wanafunzi na wakazi waliandamana kwa miaka mingi, shauri likafika mahakamani, na ithibati kamili haikuthibitishwa tena hadi 2017. Sioni humo fundisho la kunyamaza.

Kila muhula kwenye ankara yangu kuna dola 2 za ada ya uwakilishi wa wanafunzi, ambapo dola 1 hubaki chuoni na nyingine huenda kwenye seneti ya wanafunzi ya jimbo. Mtu anaweza kukataa kuilipa. Mimi sijawahi kukataa, na yule mama wa Uvira pia alilipa, akiamini kwamba ananunua kiti mahali fulani.

Seneti ya walimu imetimiza wajibu wake baada ya sisi kuisukuma, na imeandika rasmi kudai sababu za kupuuzwa kwake kwa maandishi. Serikali ya wanafunzi nayo imeandika kudai kwamba masomo yale mawili ya lazima yarudishwe jioni muhula wa machipuko, na kwamba jambo lolote la namna hii lisiletwe tena kwenye bodi wakati chuo kimefungwa. Kama kuna ndugu humu anayesoma au kufundisha katika vyuo hivi, na ambaye seneti yake au wanafunzi wenzake waliwahi kuirudisha bodi mezani, naomba aeleze walianzia wapi na walichukua muda gani. Barua zote mbili zilipokelewa na karani wa bodi wiki sita zilizopita, nakala zenye muhuri ninazo, na mpaka leo hazijajibiwa.