Vitabu vya David Douglas Duncan, nianze na kipi?

Wakuu habarini, nimekutana na picha ya mchoraji Picasso anaoga nyumbani kwake, nikaambiwa aliyepiga ni David Douglas Duncan, sasa naona ana vitabu vingi, nianze na kipi?

Jibu: Mkuu hiyo ni Cannes, Ufaransa, 1956, na ndo siku walipokutana mara ya kwanza! Anza na The Private World of Pablo Picasso cha 1958. Kuna picha zingine za 1957 Picasso anakula samaki, anafyonza mpaka unabaki mwiba mtupu, halafu mwiba wenyewe anaukandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi kupamba sahani. Hapo mimi huwa nakaa naangalia tu.

Jibu: Usiishie kwa Picasso ndugu yangu. Tafuta na This Is War! cha 1951, vita ya Korea, picha alizipiga akiwa na jarida la Life la Marekani. Picha hazina maelezo chini, ni nyuso za askari tu wamechoka na baridi imewaingia mpaka mifupani, yaani unaelewa bila kuambiwa. Mwenyewe alishakuwa askari vita kuu ya pili.

Jibu: Na msimsahau Lump, kale kambwa Duncan alikaleta 1957 kakahamia kwa Picasso.

Asanteni sana wakuu, naanza na cha Korea.