Maoni ya haki kwa wanafunzi Weusi wa ubunifu wa mitindo

Mkufunzi wa Mitindo:
Habari zenu wanajukwaa. Katika vikao vya kuhakiki kazi naona jambo linalojirudia: mwanafunzi Mweusi akileta koti lililokatwa kwa ustadi, huulizwa mbona asili yake haionekani, akileta vazi la kitenge, huambiwa ameng'ang'ania asili yake. Wenzake huzungumziwa mshono na kitambaa. Nitaviongozaje vikao hivi kwa haki, bila kuulegeza uhakiki hadi ukose mafunzo?

Mtathmini:
Vigezo viandikwe na kutolewa pamoja na zoezi lenyewe, kisha kila mhakiki aandike maoni yake kabla ya yeyote kusema, kwa kuwa anayetangulia kuzungumza huwavuta wengine. Anayeliita vazi "la mtaani", jina ambalo kazi za vijana Weusi hubandikwa hata pale zinapokuwa suti, aonyeshe ni sehemu gani ya vazi anayoizungumzia. Kuficha majina hufaa kwa insha. Kwa mavazi hakusaidii sana, maana mkufunzi ameifuatilia kazi tangu mchoro wa kwanza. Afadhali aalikwe mtathmini wa nje.

Mpenda Historia:
Naunga mkono, ila vigezo haviwezi kuziba upungufu wa maarifa. Mhakiki anayekiona kitenge kama alama ya Afrika pekee hajui kwamba vitambaa vya nta vya Vlisco, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1846, vilitokana na kuiga batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia; angejua, angeuliza maswali bora zaidi. Vivyo hivyo kwa mifano ya kuigwa. Ann Lowe, mbunifu Mweusi wa Marekani, ndiye aliyebuni gauni la harusi la Jacqueline Bouvier alipoolewa na John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mwaka 1953, na anastahili kutajwa kwa kila mwanafunzi anayeshona gauni la sherehe, awe Mweusi au Mweupe.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Mwisho:
Mwalimu, kilichoniumiza zaidi ni sifa tupu. Niliambiwa kazi yangu "ina nguvu", wala hakuna aliyesema kwamba bega limevuta au kwamba pindo halikulala, kisha alama zikaja chini. Ukali sikuuogopa, nilihitaji kuambiwa kasoro mapema, wakati bado ninaweza kufumua na kushona upya.

Mkufunzi wa Mitindo:
Nashukuru. Katika kikao kijacho maoni yataandikwa kwanza, na kila mhakiki atatakiwa kutaja angalau kasoro moja ya ushonaji au ukataji kwa kila mwanafunzi.