Naomba ushauri: treni ya watalii Jinja

Habari zenu wakuu. Mimi natembeza wageni hapa Jinja. Wakishamaliza chanzo cha Nile na Makumbusho ya Reli, swali ni lile lile: "Sasa ya kupanda iko wapi?" Nabaki kucheka tu.

Mimi na wenzangu tunafikiria kukodi kichwa cha dizeli na behewa moja siku za wikiendi. Tuvuke mdogomdogo daraja la Nile la mwaka 1931, wageni wapige picha madirishani, tukate mashamba ya miwa kuelekea Lugazi, kisha tugeuze. Cha mvuke kingevutia zaidi, najua, lakini fundi wa boila siku hizi utamtoa wapi?

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba njia ni moja na treni za mizigo zinaitumia. Behewa letu likikwama katikati, nani analivuta? Bima nayo, kampuni moja imetuzungusha mpaka tumechoka.

Tuanzie Shirika la Reli au wizara ya utalii? Na kwa bei, Mganda wa kawaida atoe shilingi ngapi bila kuguna? Waliowahi kukodi behewa, hata Kenya au Tanzania, naombeni mnijuze.